Jemadari Hana Hatia

Jumatatu, 3 Machi

Mkutubi kaja karakana asubuhi, kakumbatia kitabu kama mtoto mgonjwa. Kitabu kikubwa kama tofali. Kinaitwa Mito Tisa, Kitabu cha Kwanza. Falme, majeshi, joka, mchawi, kila kitu kimo. Kimevunjika mgongo kabla hakijasomwa na mtu yeyote, kwa uzito wake chenyewe. Nakala ni hiyo hiyo moja na Chama cha Wasomaji kizima kinaisubiri. Nikijalidi upya, akasema, nikirudishe kwenye mkutano wa Jumamosi ya wiki ijayo. Akaongeza nisije nikakiharibu. Nisije nikakiharibu! Mimi, niliyejalidi nusu ya maktaba yake!

Mkutano huo ndio wa kuchagua mwenyekiti. Mwalimu mstaafu, mwenyekiti wetu tangu mwanzo, anahamia kwa mwanawe. Anayetaka kiti atasimama mbele na kusimulia kitabu mpaka wenzake watamani kukisoma, kisha watu watanyoosha mikono. Daktari wa meno keshajitangaza. Yule bwana hufungua mdomo kuliko wagonjwa wake.

Nakitaka kiti kile. Naliandika hili waziwazi kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka. Vitabu vyote vya chama vimepita mikononi mwangu. Nimevishona, nimevipaka gundi, nimevivisha majalada. Wala hajatokea mtu hata siku moja wa kuniuliza nina maoni gani juu ya kilichoandikwa ndani. Nakaa benchi la nyuma, karibu na ndoo ya kudekia. Wananiita Gundi. Nikiinua mkono, wanadhani naomba ruhusa ya kwenda msalani. Inaniuma, tena sana.

Lakini sasa kitabu wanachokisubiri wote kiko juu ya meza yangu! Nitakisoma peke yangu kabla yao. Siku hiyo nitasimama na habari ambazo hakuna mwingine anazo. Daktari atabaki mdomo wazi, mara hii bila faida.

Jumanne, 4 Machi

Mwandishi wa kitabu hiki ana kichaa.

Sura ya kwanza ni ya Jemadari. Mwanamume hasa! Mabega mapana, maneno machache, anaudhiwa na watu wadogo. Nikampenda palepale. Anaingia ikulu, anahisi kuna njama, anaweka mkono kwenye upanga, na sura inakwisha. Nafungua ya pili nikiwa roho juu. Nani namkuta? Malkia, anachana nywele! Ya tatu, Mpishi anamenya vitunguu. Ya nne, mchawi kipofu. Ya tano ni ya joka. Joka nalo lina mawazo yake!

Kila sura ina mtu wake, na unayaona mambo kwa macho ya huyo huyo tu. Ni kama kusimama mlangoni kwa watu ukipewa umbea. Mwenye umbea akifika penye utamu, anaitwa ndani, anatoka mwingine na kuanza habari za mguu wake unaouma.

Nikamlalamikia mke wangu. Akasema niwe na subira, kwamba watu hao watakutana mbele na kila mmoja ataeleza alichokiona mwenzake hakukiona. Kasema hivyo huku anapiga pasi sare yake ya uuguzi, hata kitabu hajakigusa. Nikamwambia mimi sihitaji watu watano wanielezee jambo aliloliona Jemadari kwa macho yake.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata dawa! Sijui kwa nini ilichelewa kunijia, na kazi yangu ni hii hii.

Kitabu kimeshafumuka, nyuzi zote nimezitoa. Kila sura inaanza ukurasa wake mpya upande wa kulia, kana kwamba mchapaji alijua nitakuja. Basi nikatwaa kisu changu kile chembamba. Sura zote za Jemadari huku. Malkia kule. Mpishi pale. Mchawi na joka pembeni. Nimezishona za Jemadari pamoja, nikazibana, nikazipaka gundi. Kimetoka kitabu kizuri, chembamba, kisicho na nywele za mtu wala vitunguu. Wale wengine nimewafunga kamba, nikawatupa kwenye rafu ya jikoni. Kabla ya mkutano nitawarudisha wote mahali pao. Nani atajua?

Ilibaki jalada tu. Nilipita chumbani mara moja kutafuta kalamu.

Sasa Jemadari amevaa jalada la kitambaa chekundu, kizuri ajabu. Anastahili.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemaliza kumsoma Jemadari. Nimelia, na sioni haya.

Ule uonevu! Mtu amemtumikia Mfalme maisha yake yote. Usiku wa karamu anaingia jikoni mara moja kunusa supu, kama mtu yeyote mwenye njaa. Sura inakwisha. Sura yake inayofuata, yuko mazishini kwa Mfalme, analia kuliko wote. Mfalme kalishwa sumu! Na hao watu wa ikulu, badala ya kumpa pole, wanamtazama yeye! Anataka kupigana mbele ya umma aoneshe hana hatia. Malkia anamficha upanga wake. Anamficha upanga! Jemadari anapandishwa nyumbu, anatolewa kwa mlango wa nyuma na kuvushwa mto wa mwisho. Basi. Kitabu kimekwisha.

Sijapata kuona mwanamke nyoka kama huyo Malkia. Na kila ukurasa nilikuwa najiambia, huyu Jemadari ni mimi.

Mke wangu kashinda jioni nzima anatafuta kitambaa alichonunua cha kushonea gauni. Kapekua sanduku lote. Kaniuliza kama nimekiona. Nikamwambia vitu vinatakiwa kutunzwa.

Jumapili, 9 Machi

Nyumba imeingiliwa.

Tumekaa kula mchana, mara mama mkwe, anayekaa nasi, akaweka kijiko chini na kusema kwamba huyo Jemadari ni muuaji. Nikadhani nimesikia vibaya. Kumbe amemkuta Mpishi kwenye rafu ya jikoni, kafungua kamba, kamsoma mwanzo hadi mwisho! Anadai Mpishi alikuwa nyuma ya gunia la vitunguu na akamwona Jemadari anamimina sumu kwenye supu. Nikamwambia Mpishi ni muongo. Akanijibu kwamba yeye kapika miaka mingi kuliko mimi nilivyoishi, na watu wa jikoni huona kila kitu.

Nikamgeukia mke wangu anitetee. Kumbe naye anamsoma Malkia! Anambeba kwenye mkoba wake wa kazini, anamsoma wagonjwa wakilala. Akasema kwa upole kwamba Malkia anaujua ukweli wote tangu mwanzo. Anajua Jemadari kafanya nini, na anajua akipigana siku ile ataanguka mbele ya watu na kufa kwa aibu. Ndiyo maana akauficha upanga na kumtafutia nyumbu. Kamwokoa, na yeye mwenyewe Jemadari hajui mpaka leo.

Aliposema hivyo alinitazama kwa jicho fulani. Sijui lilikuwa la nini.

Nikawaambia wote wawili kwamba nimemsoma Jemadari neno kwa neno na hakuna mahali amemimina kitu. Kaingia jikoni, katoka jikoni. Na alilia! Mwenye hatia hulia? Mama mkwe akacheka mpaka akapaliwa. Nikatoka nje na sahani yangu, nikamalizia chakula nimesimama.

Jumanne, 11 Machi

Upelelezi. Nilikwenda kwa daktari wa meno nikijifanya jino linauma, nijue atasimulia kitabu gani Jumamosi.

Akanilaza kwenye kile kiti chake, akanimulika taa, akaniwekea mkono mzima mdomoni. Kisha akaanza kunieleza hotuba yake yote, kwa hiari yake, bila hata kuulizwa. Kitabu cha mabaharia. Nikataka kumwambia ni kitabu cha kuchosha, lakini kila nikijaribu inatoka “aaa”. Naye akawa anajibu kwamba amefurahi nimeipenda.

Halafu akasema jino kweli limeoza. Nikatikisa kichwa kukataa. Akasema wote hutikisa hivyo.

Nimerudi sina jino, na shavu limevimba kama nimeficha embe. Hajaniuliza hata mimi nitasimulia nini. Hakuwaza kabisa kwamba naweza kusimama! Huyo mtu ana dharau isiyo na mfano.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nilitaka kukirudisha kitabu kama kilivyokuwa. Haiwezekani, na kosa si langu.

Mama mkwe amegoma kumtoa Mpishi. Anamrudia kwa mara ya pili, na amemdondoshea mafuta. Mke wangu amekwenda zamu na Malkia. Mchawi hajulikani aliko. Joka nilikuwa nimelikunja na kulitia chini ya mguu wa meza inayoyumba, limebonyea katikati. Ningelinyoosha, lakini meza imetulia vizuri sana.

Si kitu. Jumamosi nitakwenda na Jemadari peke yake. Nitamwambia mkutubi gundi ya vilivyobaki haijakauka. Nikishakuwa mwenyekiti, nani atathubutu kuuliza?

Jumamosi, 15 Machi

Sitaki hata kuiandika siku hii. Naandika hivyo hivyo.

Chumba cha nyuma cha maktaba kilijaa. Mke wangu alikaa katikati na wanachama wenzake. Mama mkwe naye alikuja, kasikia kuna chai. Daktari wa meno alianza na mabaharia wake, kwa sauti ya mtu anayesema fungua mdomo, funga mdomo, sukutua. Makofi ya adabu. Mwalimu mstaafu akauliza kama kuna mwingine. Nikasimama. Wakanionesha mlango wa msalani.

Nikaenda mbele! Nikamweka Jemadari mezani, kitambaa chekundu juu. Nikaongea kwa shavu moja, lakini nikaongea. Nikawapa karamu, mazishi, upanga uliofichwa, nyumbu, mto. Kikohozi kikakoma. Mwalimu mstaafu akavua miwani. Mtu wa benchi la mbele akasogea kusikia zaidi. Nikasikia kitu kifuani ambacho sijui nikiiteje. Nilijiona mtu. Nikapiga meza, nikasema Jemadari hana hatia!

Hapo mama mkwe akainuka na kikombe mkononi. Akasema ni uongo mtupu, sumu kaimimina huyo huyo, na yeye hatakaa kimya Mpishi wa watu akidhulumiwa. Nikamwomba akae, mama. Akasema hakai. Mkutubi akauliza polepole yeye kakisomea wapi kitabu ambacho kiko kwa fundi. Mama mkwe akafungua mkoba wake, akamtoa Mpishi, kafungwa kamba yangu, ana doa la mafuta.

Mkutubi akawa kama kamwagiwa maji ya baridi. Akauliza kama tumekikata. Nakala pekee! Daktari wa meno akasimama na kusema kwamba mtu anayekata kitabu cha umma hafai kuwamo chamani, na asipewe tena hata karatasi ya maktaba aibandike. Mkutubi akaitikia kwa kichwa. Benchi la mbele likaitikia kwa kichwa. Maktaba ndiyo kazi yangu karibu yote. Niliogopa. Naandika tu hapa, sitalirudia.

Mke wangu akainuka. Kwanza alitazama kile kitambaa chekundu pale mezani. Alikitazama kwa muda. Kisha akawageukia watu na kusema kitabu kimegawanywa makusudi. Nakala ni moja, alisema, na sisi ni wengi, wa mwisho kwenye foleni atazeeka kabla hajafikiwa. Hivi sasa kila mtu anaweza kumchukua mtu mmoja wa kitabu, amsome yeye tu, halafu tukutane na kila mmoja aeleze mtu wake aliona nini. Nyumbani kwetu tumejaribu, akasema, na chakula cha mchana hakijapoa hivi kwa mabishano tangu tuoane. Kumradhi kwa kutowaomba ruhusa.

Mwalimu mstaafu akacheka mpaka akafuta machozi. Mtu akapiga kelele kwamba analitaka joka. Mwingine akamtaka mchawi. Wawili wakaanza kugombea Malkia. Hata mkutubi akatabasamu! Mwalimu akauliza wazo lilikuwa la nani. Nikafungua mdomo, taya likanikamata. Mke wangu akasema ni wazo la nyumbani, na mikono iliyolifanya ni ya mumewe. Akataka kunipendekeza mimi. Daktari akacheka. Mwalimu akasema hapana, yeye anampendekeza huyu huyu mama aliyesema, mke wangu.

Mikono ikanyooka kila upande. Ya mama mkwe yote miwili. Hawakunyoosha wawili tu, mimi na daktari wa meno. Sijapata kuwa upande mmoja na yule bwana, na nimeonewa hadi hapo.

Jumapili, 16 Machi

Nimezungukwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe!

Nani alishika kisu? Mimi. Nani aliwaza kutenganisha? Mimi. Yeye kazi yake ilikuwa kusimama na kusema maneno. Na kiti kachukua yeye! Kiti changu!

Akaniambia aliuona uso wa mkutubi, kazi yangu ilikuwa inakwenda, akasema la kwanza lililomjia. Nikamwambia hayo ndiyo maneno angeyasema Malkia. Akaniuliza kama nimemsoma Malkia hata ukurasa mmoja. Nikamwambia sihitaji, namjua. Akaenda kuvaa viatu vya zamu.

Kuhusu kitambaa hakusema lolote. Nilikuwa nimeshaandaa jibu zuri tangu jana. Hata hilo kaninyima.

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda kudai haki yangu.

Nilimkuta mkutubi peke yake. Nikamwambia asimame wima asikie ukweli. Kwamba mke wangu hakujua chochote. Kwamba kitabu nilikikata mimi, peke yangu, kwa siri, kwa faida yangu tu, na sikukusudia mtu yeyote apate kukisoma. Kwamba joka nililitia chini ya meza kwa mikono yangu mwenyewe. Yote yangu! Nikangoja pongezi.

Akavua miwani. Akasema ananishukuru kwa ukweli. Kisha akaninyang'anya ufunguo wa chumba cha nyuma, akakusanya vitabu vyake vyote vilivyoko karakana, na kunisimamisha kazi mpaka atakaponiita. Chamani nisikanyage mpaka mwaka mpya.

Nikamwuliza na mwenyekiti je, aliyewadanganya watu mchana kweupe? Akasema suala hilo chama kitaliamua. Nikatoka nimefarijika kidogo.

Ijumaa, 21 Machi

Chama kimeamua. Mama mkwe kaniletea habari huku anacheka. Mwalimu mstaafu kawaambia kwamba mtu anayemsimamia wake namna ile, tena huku anajua kosa lake, ndiye wa kuaminiwa na chama. Wamempigia makofi. Tena wamesimama! Daktari wa meno naye kasimama, msaliti mkubwa.

Mke wangu nilimuuliza kama haoni haya. Akasema alikuwa na la kuniambia, lakini supu inaungua.

Jumamosi, 22 Machi

Kitabu cha Pili kimefika. Chama kinataka nacho kikatwe, kila mtu amfuate mtu wake. Mkutubi alisema kipelekwe kwa fundi mwingine. Mwenyekiti kakataa. Kasema hakuna anayekata sawasawa kama mumewe, na yeye atakaa kando yangu mpaka kazi iishe. Basi kakileta nyumbani kakibeba kifuani. Si kwamba kanisaidia. Hawaniwezi, ndiyo maana wanarudi.

Nimekikata mchana wa leo, mama mkwe kakaa mbele yangu anamngojea Mpishi wake kama mtu anayesubiri mkate kutoka tanuruni.

Na nimekuta nini? Jemadari ana sura moja! Moja tu katika tofali zima! Amerudi usiku, juu ya nyumbu yule yule. Amelowa. Hana upanga, hana jeshi, hana mtu. Anafika kwenye lango la ikulu na anagonga. Sura inakwisha. Hawaelezi kama alifunguliwa. Hawaelezi hata kama kuna aliyesikia! Nikapiga kelele. Mke wangu akachungulia begani kwangu, akasoma, akasema kwamba jibu litakuwa kwa Malkia. Sura zake ndizo hizo karibu na mkono wangu, nisome hata ya kwanza.

Nikamwambia nina jalada la kutengeneza. Nikaanza kutafuta kitambaa. Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kipande chekundu kilichobaki. Akakiweka mezani, akakinyoosha kwa kiganja.

Sikushukuru. Mtu akikuletea kitambaa bila kuombwa, ana lake jambo.

Sura za Malkia nimezifunga kamba na kumsogezea. Zinanihusu nini?